Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuongezewa Damu

Familia inapoambiwa kwamba mgonjwa wao ataongezewa damu, hofu ya kwanza huwa ni virusi, na ni hofu ya haki, ndiyo maana damu inayochangwa hupimwa VVU, homa ya ini B na C pamoja na kaswende kabla ya kutolewa kwa yeyote. Hata hivyo, vipimo hivyo vikishafanywa ipasavyo, hatari ya kuogopwa zaidi inabaki kuwa damu nzuri kabisa kutundikwa kwa mtu asiyestahili kuipata. Tangu Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi ya damu mwaka 1901, sababu ya hatari hiyo inajulikana: mtu wa kundi O ana kingamwili (protini za mwili zinazoshambulia kitu kigeni) dhidi ya chembe nyekundu za damu ya makundi A na B hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani mwake, na akipewa damu ya kundi A, chembe hizo zinaweza kuanza kupasuka ndani ya dakika chache, shinikizo la damu likashuka na figo zikashindwa kufanya kazi.

Jambo la kuanza nalo ni kuuliza kama damu inahitajika kweli. Mtu mzima ambaye hali yake ni tulivu na havuji damu kwa kawaida haongezewi mpaka himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ishuke chini ya gramu 7 kwa desilita, ingawa mwenye ugonjwa wa moyo huweza kupewa mapema zaidi. Kama upasuaji umepangwa, upungufu wa damu utafutwe wiki kadhaa kabla, ili madini ya chuma yapate muda wa kufanya kazi; kuligundua tatizo asubuhi ya upasuaji ni kuchelewa.

Daktari aelezwe pia historia yote: kama mgonjwa amewahi kuongezewa damu, kama aliwahi kupata homa au vipele wakati huo, na kwa mwanamke, mimba zote alizobeba, zikiwemo zilizoharibika. Damu ya mtu mwingine, hata ya mtoto aliye tumboni, inaweza kumwachia kingamwili ambazo kundi lililoandikwa kwenye kadi halizionyeshi. Hapo ndipo mabingwa wa tiba ya uongezaji damu, ambao mgonjwa huenda asiwaone kabisa, hufanya sehemu kubwa ya kazi yao, kwani kumtafutia damu mtu mwenye kingamwili kadhaa huweza kuchukua siku nzima au zaidi.

Kisha kuna sampuli, na hapa ndugu anayeuguza awe macho. Anayechukua damu amwombe mgonjwa ataje mwenyewe majina yake kamili na tarehe ya kuzaliwa, asimuulize, "Wewe ndiye fulani?", kwa kuwa mgonjwa aliyechoka kwa homa huitikia jina lolote. Kichupa kiandikwe papo hapo kando ya kitanda, baada ya damu kuingia, si kabla, wala kisibebwe kikiwa kitupu cha maandishi hadi kwenye meza ya wauguzi kukutana na vingine. Mgonjwa asione haya kuulizwa jina lake mara tano kwa siku, na muuguzi anayerudia swali hilo asichukuliwe kuwa msahaulifu.

Damu isitolewe benki ya damu kabla mshipa haujapatikana na joto, mapigo ya moyo na shinikizo havijapimwa na kuandikwa. Chembe nyekundu huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 6 za Selsiasi, na zikishatoka kwenye jokofu zianze kuingia mwilini ndani ya dakika 30 na kumalizika ndani ya saa 4. Mfuko usilowekwe kwenye maji ya moto, na usichanganywe na dawa wala dripu ya sukari. Kabla ya kuufungulia, maandishi yake yalinganishwe na ukanda wa mkononi mwa mgonjwa. Faili pekee halitoshi, kwa sababu faili huweza kuwa la jirani.

Pasipo dharura, ni heri damu itolewe mchana, wakati wahudumu ni wengi. Dakika 15 za kwanza zinahitaji mtu wa kumtazama mgonjwa kwa karibu, naye mgonjwa awe ameshaelezwa kwamba akihisi baridi, maumivu ya kiuno au kifua, kuwashwa, au pumzi kumbana, aseme mara moja ili damu isimamishwe. Mzee, au mwenye moyo au figo dhaifu, apewe polepole, mfuko mmoja kisha apimwe upya, maana maji yanaweza kumjaa mapafuni. Na akiruhusiwa kwenda nyumbani, waliomsindikiza wajue kwamba macho kuwa ya manjano au mkojo kuwa mweusi ndani ya wiki mbili ni sababu ya kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo.