Jinsi ya kukokotoa ongezeko la walimu wanaume wa sekondari Tanzania

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea jedwali la walimu wanaume wa sekondari. Mstari wake ulipanda kwa miaka kadhaa, ukashuka ghafla, kisha ukapanda tena. Alitaka kuandika kwamba wanaume wanaukimbia ualimu, na takwimu zake hazikusema hivyo hata kidogo. Naandika hapa hatua tulizopitia kwa sababu hitimisho la aina hiyo nalikuta mara kwa mara kwenye tasnifu na ripoti, na shule ndizo zinazoumia mipango ya ajira ikijengwa juu yake.

Hatua ya 1: Tafuta takwimu

Kwa Tanzania Bara, anza na vitabu vya takwimu za elimu vya TAMISEMI, vinavyojulikana kama BEST. Kwa kulinganisha na nchi nyingine, nenda kwenye hifadhidata ya Benki ya Dunia, ambayo takwimu zake za elimu zinatoka UNESCO. Huko usitafute kiashiria cha walimu wanaume. Pakua SE.SEC.TCHR, yaani walimu wote wa sekondari, na SE.SEC.TCHR.FE, yaani wanawake, kisha toa wanawake kwenye jumla upate wanaume.

Hatua ya 2: Panga jedwali

Safu ziwe Mwaka, ME (wanaume), KE (wanawake) na JML (jumla). Natumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali; ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii. Nakili JML kutoka kitabuni kama ilivyo, halafu ongeza safu ya kujumlisha ME na KE mwenyewe. Zikipishana, rudi kitabuni. Namba ulizonakili kutoka PDF zikiegemea kushoto mwa kisanduku, programu imezisoma kama maandishi. Ondoa alama za mkato kwanza.

Hatua ya 3: Hakikisha unalinganisha kitu kilekile

Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokwama, na hapa usiwe na haraka.

Kwanza, mipaka. BEST ni ya Bara, na Zanzibar ina wizara yake ya elimu. Takwimu za kimataifa huzungumzia Jamhuri ya Muungano. Ukichukua miaka ya mwanzo kutoka chanzo kimoja na ya mwisho kutoka kingine, umetengeneza ongezeko ambalo halikutokea shule yoyote.

Pili, umiliki. Kuna jedwali la shule za serikali, la zisizo za serikali (seminari zimo humu), na la zote pamoja. Vichwa vya majedwali haya vinafanana mno, na macho yakichoka unaruka kutoka moja kwenda jingine bila kujua. Kwenye jedwali la mwanafunzi wangu, ule mshuko wa ghafla ulianzia hapa: mwaka mmoja ulikuwa wa shule za serikali peke yake, iliyobaki ilikuwa ya shule zote.

Tatu, mwezi. Takwimu za shule hukusanywa Machi. Ajira zikitoka baada ya hapo, walimu hao utawaona kwenye kitabu cha mwaka unaofuata.

Nne, na hili ndilo linalosahaulika zaidi: sababu za kiutawala. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, shule za kata ziliongezeka kwa kasi kuliko vyuo vilivyoweza kutoa walimu, hivyo wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo mafupi na kupelekwa madarasani; ndio wale walioitwa vodafasta. Mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu DUCE (Dar es Salaam) na MUCE (Mkwawa, Iringa), na 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Shahada ya ualimu huchukua miaka mitatu, kwa hiyo usitarajie matunda yake kabla ya 2008. Kisha katikati ya 2016 ajira za serikali zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Katika miaka hiyohiyo walimu wa ziada wa masomo ya sanaa walihamishwa kutoka sekondari kwenda shule za msingi. Mwalimu aliyehamishwa hivyo anatoka kwenye jedwali lako, lakini hajaacha kazi; kesho yake asubuhi yuko darasa la tano anashika chaki. Kabla hujaandika neno "wamepungua", fungua jedwali la walimu wa msingi la mwaka huohuo.

Hatua ya 4: Kokotoa

Chukua mfano wa kubuni wa halmashauri moja. Mwaka wa kwanza ina ME 240 na KE 100. Mwaka wa tano ME 300 na KE 160. Wanaume wameongezeka 60, sawa na asilimia 25. Wanawake nao wameongezeka 60, lakini hiyo ni asilimia 60. Sehemu ya wanaume kati ya walimu wote imeshuka kutoka asilimia 70.6 hadi 65.2, ingawa hakuna mwanamume aliyepungua. Andika vyote vitatu: idadi, kasi na sehemu. Anayeandika sehemu peke yake anampotosha msomaji.

Kwa wastani wa kila mwaka tumia =(300/240)^(1/4)-1, utapata asilimia 5.7. Kipeo ni moja ya nne kwa sababu miaka mitano ina vipindi vinne. Usijumlishe asilimia za kila mwaka na kugawanya. Jibu litatofautiana, hasa idadi inapopanda na kushuka.

Kando ya idadi ya walimu, weka na ya wanafunzi. Walioanza darasa la kwanza Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, waliingia kidato cha kwanza 2023. Walimu wanaweza kuongezeka na bado kila mmoja akabeba wanafunzi wengi zaidi.

Hatua ya 5: Chora

Mistari miwili, ME na KE, mhimili ukianzia sifuri. Chati ya duara iache, haionyeshi miaka. Chini ya mchoro andika eneo, umiliki wa shule na mwezi wa takwimu: "Tanzania Bara, shule za serikali, Machi".