Jinsi ya Kutumia Miwani ya SegaScope 3-D kwenye Runinga ya Chogo

Miwani ya SegaScope 3-D, iliyotolewa na Sega mwaka 1987 kwa ajili ya konsoli yake ya michezo ya video, Master System, bado inaweza kuonyesha kina cha picha kwa namna ya kuvutia, mradi konsoli, runinga na lenzi viende kwa mwendo mmoja. Lenzi zake zina fuwele za kimiminika zinazotiwa giza kwa zamu: picha ya jicho la kushoto inapochorwa, lenzi ya kulia hufungwa, na picha inayofuata hubadilisha zamu hiyo.

Tafuta kwanza konsoli ya toleo la awali, yenye mwanya wa kadi upande wa mbele, kwa kuwa adapta ya miwani huchomekwa humo huku katriji ya mchezo ikikaa mahali pake pa kawaida. Master System II haina mwanya huo, kwa hiyo haifai kabisa kwa kazi hii, hata ikiuzwa kwa bei nafuu.

Runinga lazima iwe ya chogo. Runinga bapa huichakata picha na kuichelewesha kabla ya kuionyesha, hivyo lenzi ya kushoto huweza kufunguka wakati picha iliyo kiooni ni ya jicho la kulia, na mtazamaji akaona vivuli viwili vinavyogombana.

Konsoli ikiwa imezimwa, futa miguso ya adapta kwa pamba yenye alkoholi kidogo, uiache ikauke, kisha uichomeke pamoja na waya wa miwani. Alkoholi hiyo isiguse lenzi, kwani huweza kuharibu utando wake. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Usiipime miwani kwa katriji ya kawaida, kwa sababu amri ya kufungua na kufunga lenzi hutoka ndani ya mchezo wenyewe. Anza na mchezo wa Maze Hunter 3-D, unaotazamwa kutoka juu na usiochosha macho upesi. Space Harrier 3-D unapendeza zaidi, lakini kasi yake si ya mgeni.

Mchezo ukishaanza, fumba jicho moja, kisha jingine. Kila jicho linapaswa kuona picha moja safi. Lenzi moja ikibaki wazi muda wote, kagua waya karibu na plagi kabla ya kuilaumu lenzi.

Zima taa za tyubu, kwa maana kumeta kwake hugongana na kumeta kwa lenzi, kisha ongeza mwangaza wa runinga kidogo, kwa sababu miwani hula sehemu kubwa ya mwanga. Katika mfumo wa picha 60 kwa sekunde kila jicho hupata 30 tu, na katika konsoli za Ulaya za picha 50 hupata 25, ambapo kumeta huonekana waziwazi. Mtu mwenye kifafa asiitumie miwani hii kabisa, na mwingine yeyote aivue mara kichwa kinapoanza kuuma.