Jinsi ya Kurekodi Mwelekeo wa Vipepeo Wahamao na Hali ya Hewa Jijini Nairobi

Hatua ya 1. Tafuta mahali peupe, kama vile ukingo wa uwanja wa mpira, kisha uchague miti au nguzo mbili zilizoachana kwa mita 10 hivi, zikiukingama mkondo wa vipepeo. Utawahesabu tu wale wanaopita katikati yake.

Hatua ya 2. Hakikisha kwamba wanasafiri. Kipepeo aliye safarini akikuta ukuta hupanda, huuvuka kwa juu na kushuka upande wa pili akishika njia ileile, ilhali yule anayetafuta maua huzungukazunguka. Wengi utakaowaona ni Belenois aurota, mweupe mwenye mishipa ya kahawia mabawani. Usimchanganye na Catopsilia florella, ambaye ni mkubwa zaidi na huenda kwa kasi.

Hatua ya 3. Mfuate mmoja kwa macho mpaka atoweke, ndipo usome dira, ukiwa mbali na magari na uzio wa chuma. Usikisie pande kwa kutazama jua, kwa kuwa hapa karibu na ikweta jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba.

Hatua ya 4. Pima upepo. Hapa ndipo madaftari mengi huharibika, kwa sababu upepo hutajwa kwa upande unakotoka, lakini vipepeo hutajwa kwa upande wanakokwenda. Anayeandika “upepo mashariki, vipepeo magharibi” huweza kudhani baadaye kwamba walikuwa wakipingana nao, kumbe ulikuwa ukiwasukuma. Andika “kutoka” na “kwenda” kila mara. Funga utepe mwepesi kwenye fito kwa kimo wanachoruka, na mwingine mita 3 kutoka ardhini; mara nyingi ule wa chini hulegea wakati wa juu ukipeperuka, kwa kuwa nyasi na vichaka hupunguza kasi ya upepo, na ndiyo maana vipepeo wanaokabiliana na upepo huruka chini.

Hatua ya 5. Kila baada ya dakika 15, andika idadi, halijoto kivulini, na ni sehemu ngapi kati ya nane za anga zilizofunikwa na mawingu. Wingu likiziba jua na vipepeo wakaanza kutua majanini, andika dakika yenyewe, na pia dakika waliyoinuka tena. Kipindi kisichopita hata mmoja kiandikiwe sifuri pamoja na vipimo vyote vya hewa, kwa maana bila sifuri za asubuhi zenye baridi na mawingu za Julai, hutakuwa na cha kulinganishia siku za jua.