Sanduku la bundi: kijiti cha mlangoni cha nini?

Bundi hajengi kiota, anatafuta tundu lililo tayari. Ukimtaka awinde panya wa uani, mgongee sanduku la mbao, sakafu kama sentimita 40 kwa 60, mlango wa sentimita 15 uwe juu kabisa ili makinda yasidondoke. Litundike mtini, mita 4 hivi kutoka ardhini, mbali na taa ya nje. Kijiti cha kutua usiweke, utawakaribisha kunguru tu. Toboa vitundu chini maji yatoke, mwaga maranda ndani.

Sumu ya panya acha kabisa: bundi akila panya aliyeila, naye anaweza kufa.

Majirani watanong'ona uchawi, hilo lazima. Waonyeshe vile vidonge vya manyoya na mifupa ya panya anavyotapika chini ya mti.