Nyayo za wanyama ufukweni: ingia maji yakianza kupwa

Ukitembelea hifadhi ya taifa yenye ufukwe, uliza saa ya maji kujaa, kisha nenda mchangani na askari wa hifadhi mara maji yanapoanza kupwa, hasa alfajiri. Bahari imeshafuta nyayo za jana, hivyo alama yoyote kwenye mchanga mbichi ni ya muda mfupi tu uliopita, na mnyama aliyeiacha huenda bado yuko vichakani. Mchanga ulioshikana huonyesha hadi kucha, inapendeza mno! Saa husogea: kesho maji yatajaa kama dakika 50 baadaye. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa kidogo tu, mbinu hii ni dhaifu, kwani bahari haifiki juu na nyayo za siku kadhaa huchanganyika. Ukikuta mburuzo wa kasa, usiukanyage. Wahifadhi huufuata kutafuta kiota.