Choya kwa mwenye presha: jinsi ninavyomwelekeza mteja

Wanaoulizia choya (rosela iliyokaushwa) mezani kwangu ni wa aina mbili: anayetaka juisi ya sherehe, na aliyetoka kuambiwa na daktari kuwa presha imepanda. Namwandikia huyu wa pili. Kabla sijampimia hata gramu moja namuuliza: dawa zako za hospitali unaendelea nazo? Akisema ameziacha, simuuzii.

1. Pima kwanza. Tumia mashine ya kufunga mkono wa juu. Nenda msalani, kisha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Pima mara 2, uandike. Ukiona 180/120 au zaidi, na kifua kinabana au ulimi unakuwa mzito, achana na choya, kimbia hospitali.

2. Chagua. Tunachokunywa si ua lenyewe, ni vile vikombe vinene vyekundu vinavyobaki ua likishanyauka. Iliyokauka vizuri ukiivunja inalia. Ikipinda kama ngozi ina unyevu. Ifunue, utazame ukungu ndani.

3. Loweka. Suuza vumbi. Weka kijiko cha chai kilichojaa kwa kila kikombe, mimina maji yanayochemka, funika dakika 10, chuja. Chombo kiwe cha kioo, udongo au chuma cha pua. Alumini hapana. Niliwahi kulaza choya kwenye sufuria ya alumini iliyokuwa nyeusi kwa miaka. Asubuhi, pale maji yalipofikia palikuwa panang'aa kama imetoka dukani. Ule weusi wote ulikuwa kwenye juisi yangu.

4. Sukari weka pembeni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Uchachu ukikushinda, tia kijiti cha mdalasini au iliki mbili, au ongeza maji.

5. Kunywa kwa kipimo. Vikombe 3 kwa siku, kila kimoja ml 240. Ndicho kipimo cha utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, wa watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo. Baada ya wiki 6 namba ya juu ilishuka kwa 7.2 kwa wanywaji wa choya, na kwa 1.3 kwa waliopewa kinywaji cha kufananishia. Kwa hiyo mwenye 165 asitegemee choya peke yake imfikishe 120.

6. Nani asinywe. Mjamzito, na mwenye presha ya kushuka. Anayemeza lisinopril, captopril au kidonge cha kukojosha amwambie daktari kwanza, maana vikisaidiana presha inaweza kushuka kupita kiasi. Ukiinuka kitandani ukaona kizunguzungu, simamisha, upime.

Pima asubuhi na jioni kwa wiki zote 6, na daftari hilo uende nalo kliniki. Kupunguza kidonge ni kazi ya daktari. Choya iliyobaki kwenye friji imalize ndani ya siku 2.