OCD ya mambo yaliyotokea kweli: usiijibu ile kesi kichwani

Kama una OCD (tatizo la akili la mawazo yanayojirudia bila kutaka, na vitendo unavyojikuta unavirudia ili yatulie) inayokung'ang'ania na kitu ulichofanya kweli zamani, mfano ulimdhihaki mwenzio shuleni, na saa nane usiku bado unarudia tukio zima, nilisema nini, alikunja uso au hakukunja, nilikusudia au la, basi usihangaike kuiondoa ile hatia, kata yale unayoyafanya ili iondoke. Kufukua meseji za zamani, kumuuliza mkeo kila siku "hivi mi ni mtu mbaya?", kumpigia yule mtu umwombe radhi tena wakati alishakwambia yameisha, hayo yanakupoza dakika chache tu halafu linakuja swali jipya.

Wazo likija liambie "labda, sijui, na leo sijibu" kisha endelea kuosha vyombo hata kama tumbo limekaza. Mwanzoni wasiwasi unapanda kweli, uache upande. Ukijistukia umeshaanza kujitetea kichwani katiza hapo hapo, usimalizie hata hoja.

Sisemi usiombe msamaha jamani, kama kuna deni lipa, omba radhi mara moja, basi.

Na ikianza kula usingizi na kazi nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, dawa kama fluoxetine na sertraline zinatumika sana kwa OCD, ila kwa upande wa ushauri muulize kabisa kama anafanya ERP (tiba ya kulikabili wazo linalokutisha bila kufanya yale ya kulituliza), maana mwingine atakuchambulia lile tukio kila wiki na wewe utatoka pale unachimba zaidi.